Kisti kwenye ovari: maumivu ya chini ya tumbo ambayo wamama wanaficha

Wamama wa koperative, na nyinyi wababa pia, someni hii. Wakati wa kuvuna mihogo tunasikia kila mara: "Tumbo ya chini inaniuma upande mmoja, ni juu ya mizigo." Inaweza kuwa mizigo kweli. Lakini mara ingine ni kisti, ni kusema kifuko cha maji kilichoota kwenye ovari.

Mwanamke ana ovari mbili, moja kila upande wa kizazi. Kila mwezi kifuko kidogo kinakomaza yai, kinapasuka, yai linatoka. Kama hakikupasuka, ao kimejifunga tena nyuma ya yai kutoka, maji yanajaa ndani. Hiyo ndiyo kisti ya kawaida. Haitoki kwa kulogwa. Nyingi zinaisha zenyewe ndani ya miezi 2 ao 3, na mama hata hakujua kama alikuwa nayo.

Ile inayoendelea kukua inajionyesha: uzito upande mmoja, tumbo kujaa, damu ya mwezi kuvurugika, maumivu wakati wa kulala na bwana, kukojoa kila saa. Magonjwa mengine yanafanana na hayo, kwa hiyo eko ndiyo inaonyesha. Kituo cha afya kisipokuwa na mashine, muuguzi atakutuma hospitali kuu. Mama aliyekwisha kuacha kwenda mwezini asichelewe, maana kwake hatari ya kansa ni kubwa kuliko kwa msichana.

Sasa ile ya haraka. Kisti kubwa inaweza kusokota ovari, sawa kamba ya mbuzi inavyojizungusha kwenye kigingi, na damu haipiti tena. Maumivu makali yanakuja ghafula, na kutapika. Ao kisti inapasuka, damu inamwagika ndani: kizunguzungu, kuzimia. Mimba iliyoshika nje ya kizazi inafanana hivyo hivyo, na inaua. Msingoje asubuhi, ovari iliyosokotwa inaweza kufa ndani ya masaa machache. Msimpige lavema, msimkande tumbo. Tafuteni moto.

Na franga ya moto itoke wapi? Tunaomba kamati ipange mapema: kiasi gani cha sanduku ya akiba kinatoka bila kikao, namba ya simu ya motari, nani atabaki na watoto. Kukusanya wanamemba wapige kura wakati mgonjwa analia, sisi tunaona haifai.

Wengi wanaogopa upasuaji juu wanawaza hawatazaa tena. Mara nyingi daktari anatoa kisti peke yake na ovari inabaki. Hata ikibaki ovari moja, mama anaweza kubeba mimba.

Siku ya eko, kumbuka tarehe ya mwezi wako wa mwisho. Kunywa maji mengi na usikojoe mbele ya kuingia, maana kibofu kikijaa ovari zinaonekana vizuri. Dawa zote unazomeza, hata za kupanga uzazi, zilete kwenye mfuko.