Mfalme Mwenye Nyundo: Je, Watoto Wetu Wanamjua?

Akina mama wengi, tukisikia neno makumbusho, tunafikiria jumba kubwa la mjini, vitu vya kale ndani ya makabati ya vioo, na mlinzi anayewakemea watoto wasiguse. Tunajisemea kwamba hayo ni mambo ya watalii na wasomi. Sisi hapa Ihanda tuna migomba ya kupalilia, maharage ya kuanika na watoto wa kulisha. Makumbusho yatatusaidia nini?

Mwezi huu tunapenda kuwaonyesha akina mama wenzetu kwamba makumbusho yanaweza kuwa msaidizi mzuri wa malezi. Tena tutaona kwamba moja kati ya nyumba za hazina zilizosifiwa sana na wasafiri wa zamani ilikuwa hapa hapa Karagwe, katika Bweranyange, ambayo leo ni kata jirani katika wilaya yetu.

Mtoto wa Caterina

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1452, katika kijiji cha Vinci nchini Italia, msichana wa hali ya chini aitwaye Caterina alijifungua mtoto wa kiume nje ya ndoa. Mtoto huyo, Leonardo, hakupata elimu ya juu kama watoto wa wakubwa. Alipokuwa kijana alipelekwa katika mji wa Florence kujifunza kazi kwa fundi mmoja mashuhuri, Verrocchio. Huko alisaga rangi, akachora, akafinyanga, akajifunza mambo ya madini.

Leonardo da Vinci ndiye aliyechora ile picha ya mwanamke iitwayo Mona Lisa, ambayo sasa iko Paris. Lakini alikuwa pia mtu wa kubuni vitu. Aliacha maelfu ya kurasa za michoro: mabawa ya kumwezesha mtu kuruka, madaraja, mashine za kuinua mizigo, hata viungo vya ndani ya mwili wa binadamu. Alitumia mkono wa kushoto, na aliandika kutoka kulia kwenda kushoto. Mama mwenye mtoto wa shoto na akumbuke hilo kabla ya kumchapa.

Leonardo alifariki Ufaransa mwaka 1519, katika nyumba aliyopewa na mfalme kwenye mji wa Amboise. Siku hizi nyumba hiyo ni makumbusho, na katika bustani yake kuna mifano mikubwa ya mashine zilizotengenezwa kwa kufuata michoro yake. Wageni huruhusiwa kuizungusha kwa mikono. Mtoto akisukuma gurudumu na kuona jinsi jino moja linavyosukuma jingine, anaelewa jambo ambalo mwalimu angelieleza ubaoni kwa saa nzima. Hayo ndiyo makumbusho ya kushika na kujaribu.

Nyumba ya hazina ya Rumanyika

Sasa turudi nyumbani. Mwezi wa Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika katika makao ya Omukama Rumanyika wa Karagwe. Walipokelewa kwa adabu na ukarimu hata wakashangaa. Grant, aliyekuwa mgonjwa wa mguu, alibaki hapo kwa miezi kadhaa.

Mwaka 1876 akaja Stanley. Rumanyika, aliyekuwa sasa mzee, alimkaribisha aone nyumba yake ya hazina. Tumfuate msafiri huyo hadi ndani.

Ilikuwa nyumba ya mviringo iliyoezekwa kwa nyasi, yenye upana wa kama mita 9. Ndani yake kulikuwa na sanamu 16 za bata zilizotengenezwa kwa shaba ya manjano na kuwekwa mabawa ya shaba nyekundu. Kulikuwa na sanamu 10 za wanyama waliofanana na pofu, na ng'ombe 10 wa shaba wasio na vichwa. Kulikuwa na mundu za chuma za kazi nzuri, na mikuki ambayo mipini yake ilikuwa ya chuma kilichofumwa kama mnyororo. Mipini ya migwisho ya kufukuzia nzi ilimpendeza sana Stanley. Tena kulikuwa na kiti cha enzi kilichochongwa kutoka gogo moja, vikombe na vyombo vya maziwa vya mti, na nguo zilizofumwa kwa majani laini, zenye mapambo mekundu na meusi. Alisema ubora wake ulikaribia ule wa shuka za pamba.

Pamoja na hivyo Rumanyika aliweka zawadi za wageni: masinia ya shaba yaliyopitia Zanzibar, mifuniko ya mabakuli kutoka Ulaya, na bunduki aliyopewa na Speke. Alivikusanya vya kwake na vya wengine, akavipanga, akawaonyesha wageni kwa fahari. Kama hayo si makumbusho, ni nini?

Mfalme na fundi

Simulizi za Karagwe humtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa alikuwa mhunzi. Nyundo na fuawe vilikuwa miongoni mwa vitu vya heshima vya ufalme, pamoja na sanamu za ng'ombe za chuma zenye pembe ndefu kama za ng'ombe wetu. Maana yake haikuwa ngumu kwa mwananchi. Chuma kinatoa jembe na mkuki, ng'ombe anatoa maziwa, na mtawala mwema anatakiwa kuwapatia watu wake chakula na ulinzi.

Hapo tunaona tofauti kubwa. Leonardo, pamoja na akili zake zote, alikuwa mtumishi wa wafalme. Hapa Karagwe mfalme mwenyewe aliona ni heshima kuhesabiwa pamoja na mafundi. Tunawaambia nini basi vijana wetu wanaodharau kazi ya mikono, wakidhani kwamba mtu aliyesoma ni yule asiyechafuka?

Wazee waliokumbuka

Huenda mtu akasema kwamba hizo ni hadithi tu. Mwaka 1976, watafiti waliokuwa na Peter Schmidt waliwaomba wazee wa Kihaya, ndugu zetu wa upande wa Bukoba, wawaonyeshe jinsi chuma kilivyoyeyushwa zamani. Kazi hiyo ilikuwa imekoma miaka mingi kabla, chuma cha bei nafuu kilipoanza kuletwa kutoka Ulaya. Wazee walijenga tanuru la udongo, wakachoma nyasi za bwawani ndani ya shimo lake, wakaingiza mirija mirefu ya udongo hadi ndani ya moto, wakavuta mivukuto. Hewa ilipita katika mirija ikapata joto kabla ya kuufikia mkaa, na moto ukawa mkali ajabu. Walichotoa ni chuma kigumu cha namna ya feleji.

Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Avery walitangaza katika jarida la kisayansi la Marekani kwamba mabaki ya matanuru yaliyofukuliwa karibu na Ziwa Viktoria yalionyesha ufundi wa namna hiyo tangu miaka 1500 hadi 2000 iliyopita. Ujuzi huo ulikuwa haujaandikwa popote. Ulikaa katika vichwa na mikono ya wazee wachache. Kama wangefariki kabla ya kuulizwa, ungezikwa pamoja nao.

Mikono ya wanawake

Tukiwa akina mama, kuna jambo linalotuuma. Miiko ya zamani iliwaweka wanawake mbali na tanuru, ingawa jembe lililotoka humo liliishia mikononi mwao. Speke naye anaeleza jinsi wake wa wakubwa wa Karagwe walivyoneneshwa kwa maziwa, kwa kuwa unene ulihesabiwa kuwa uzuri. Alimpima mmoja wao kwa kamba ya vipimo, na kando yake alikaa binti wa miaka 16 akinyweshwa maziwa huku baba yake ameshika fimbo. Mfalme aliweka sanamu katika nyumba ya hazina, na wanawake nao waligeuzwa kuwa kitu cha kutazamwa.

Stanley alizisifu nguo za majani, lakini hakuandika jina la aliyezifuma. Hakuandika jina la fundi yeyote. Leonardo tunamjua kwa sababu karatasi zake zilitunzwa. Hapa kwetu karatasi ni kumbukumbu ya bibi na babu. Nani aliyemfundisha mama yako kusuka mkeka? Nani alikuwa hodari wa vikapu katika ukoo wenu? Tusipouliza sasa, wajukuu wetu watasema tu kwamba watu wa kale walifanya hivi na vile, bila hata jina moja.

Je, ni ushirikina?

Wako akina mama wanaoogopa vitu vya wafalme wa kale kwa sababu vingine vilitumika katika sherehe za mwezi mwandamo na matambiko. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini kutazama si kuabudu. Katika kitabu cha Kutoka tunasoma habari za Bezaleli, aliyejaliwa ujuzi wa kufanya kazi ya dhahabu, fedha na shaba. Ujuzi wa mikono ni kipawa, na mtoto anaweza kukistaajabia kipawa hicho bila kuifuata imani ya zamani. Tena ni afadhali aelezwe na mama yake kuliko aokoteze maneno njiani.

Tufanye nini?

Vitu vya enzi vya Karagwe vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwetu. Anayekwenda huko kwa harusi au matibabu na atenge nusu siku afike Mtaa wa Shaaban Robert pamoja na watoto. Huko ndiko linakotunzwa pia fuvu la kale lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959 na mwanamke, Mary Leakey. Kabla ya kuingia, mpe kila mtoto swali moja la kutafutia jibu. Asiyeruhusiwa kugusa na apewe daftari achore.

Lakini walio wengi kati yetu hatutafika Dar es Salaam. Basi tuanze hapa:

• Tuwaombe walimu wawapeleke watoto Bweranyange, na awepo mzee wa kuwasimulia. Wanakijiji wa Katuruka, karibu na Bukoba, walianza wenyewe kulihifadhi eneo lao la kale. Sisi tunashindwa nini?

• Katika vikundi vyetu, kila mama alete kitu kimoja cha zamani: kibuyu cha maziwa, jembe la mhunzi, kikapu cha bibi. Watoto wavishike, waulize, na majibu yaandikwe pamoja na jina la aliyekitengeneza.

• Tusiwakaripie watoto wanaotengeneza magari ya mabua na makopo. Tuwaulize: Gurudumu hili linazungukaje? Ungefanyaje ili lisichomoke?

• Binti naye apewe nyundo na msumari, na mvulana afundishwe kusuka. Miiko ya tanuru imekwisha.

Hazina ya Rumanyika iliondoka Bweranyange, na nyumba ile ya nyasi haipo tena. Lakini mikono iliyoijaza ilikuwa mikono ya watu wa nchi hii, na watoto tunaowalisha kila jioni ni wajukuu wao. Jioni hii, chakula kikiwa bado jikoni, mwite bibi aketi karibu na moto, umwambie mtoto achukue kalamu.