Dhahabu Inapolia Kama Takataka

Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari wakashindwa kujua risasi hiyo ilikuwa imejificha wapi mwilini. Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, akaenda Ikulu na kifaa cha umeme kilichotoa mlio kinapokaribia metali. Alijaribu mara mbili bila mafanikio. Baadaye akagundua kwamba mgonjwa alikuwa amelazwa juu ya godoro lenye nyaya za chuma. Isitoshe, daktari mkuu alimwelekeza apime upande wa kulia, kumbe risasi ilikuwa kushoto. Garfield alifariki Septemba mwaka huohuo.

Tatizo kama la godoro lile, la metali isiyotakiwa kuficha inayotafutwa, wanalijua vizuri wanaotafuta sarafu na vito kwa detekta za metali katika bustani kongwe za miji ya Marekani. Ardhi iliyokanyagwa na watu kwa miaka mia moja imejaa misumari, vizibo vya soda, foili za kufungia chakula na vipande vya makopo. Humohumo zimo sarafu za senti 10 na senti 25 za kabla ya 1965, ambazo asilimia 90 yake ni madini ya fedha, na pete zilizowachomoka watu vidoleni.

Detekta hufanya kazi hivi. Koili, ile sahani iliyo mwisho wa mpini, hupeleka nguvu ya sumaku inayobadilikabadilika ardhini. Ikikuta metali, mkondo mdogo wa umeme huzunguka ndani ya metali hiyo, nayo hurudisha jibu lililochelewa kidogo sana. Kwa kupima ucheleweshaji huo, mashine hukadiria imekutana na nini. Sarafu ya fedha husomeka kwa namba za juu, msumari kwa namba za chini.

Shida iko katikati ya namba hizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ermal Fraze wa Dayton, Ohio, alibuni kopo la kinywaji linalofunguliwa bila kifaa kingine: unavuta kipete, kinang'oka na kipande cha mfuniko. Watu wakanywa, vipete wakavitupa chini. Kuanzia 1975 vikaja vile vinavyobaki kwenye kopo, lakini aluminiamu haishiki kutu, na vya zamani bado vimelala chini ya nyasi.

Pete ya dhahabu mara nyingi husomeka palepale kinaposomeka kipete. Senti 5 ya Marekani, yenye asilimia 75 ya shaba na 25 ya nikeli, nayo haiko mbali na hapo. Anayeiamuru mashine inyamaze kila inapokuta kipete ameinyamazisha kwa dhahabu pia.

Kuna pia tatizo la metali moja kufunikwa na nyingine. Sarafu imelala sentimita 10 chini, misumari miwili iko juu yake. Koili kubwa huvikumba vyote kwa pamoja, na mashine iliyoambiwa ipuuze chuma haisemi kitu. Ndiyo maana wazoefu hufunga koili ndogo, ya inchi 5 au 6, wakapunguza kasi ya mkono na kutumia saa nzima kwenye kipande kisichozidi ukubwa wa chumba. Wakisikia mlio mwembamba unaokatikakatika, hugeuka robo duara na kupitisha tena kutoka upande wa pili. Mlio wa msumari uliopinda mara nyingi huyumba au hupotea. Wa sarafu huwa hautikisiki.

Kisha huchimba, wakiwa na ruhusa ya mwenye eneo. Nyasi hukatwa pande tatu, zikafunuliwa kama mfuniko na kurudishwa vilevile. Takataka huondoka nazo mfukoni, kwa sababu kila msumari unaotoka huenda ulikuwa umefunika kitu.

Wakati mwingine kitu hicho huwa hazina. Novemba 1992, kijijini Hoxne, Suffolk, nchini Uingereza, Eric Lawes aliingia shambani na detekta kutafuta nyundo aliyoipoteza rafiki yake. Akakutana na vijiko vya fedha na sarafu za dhahabu. Hakuendelea kuchimba, alitoa taarifa, na wataalamu wa mambo ya kale wakafukua hazina ya Kirumi yenye sarafu karibu 15,000. Nyundo nayo ilipatikana. Imehifadhiwa British Museum jijini London, kama ilivyo hazina yenyewe.