Tusitupe mabaki ya mashine za leza
Wahenga walinena, usitupe mbachao kwa msala upitao. Mashine ya leza ya kutia nakshi inapoharibika, mota, mikanda na reli zake aghalabu huishia jalalani. Huko, kwa maoni yangu, ni kutupa riziki ya vijana wetu.

Kwa mabaki hayo, fundi wa jua kali aweza kuunda mashine ya kunakshi vyombo vya mviringo pekee, kama vile vikombe vya chuma vilivyopakwa rangi. Mota moja huisogeza leza juu ya reli. Ya pili hukishika chombo na kukizungusha, kama afanyavyo mkereza. Hesabu yake si ngumu. Mota ya kawaida hupiga hatua 200 kwa mzunguko. Kila hatua ikigawanywa vipande 16, huwa 3,200. Kikombe chenye mzingo wa milimita 240 kitahitaji takriban vipande 13.3 kwa kila milimita.

Hata hivyo, macho hayana vipuri. Mwanga wa leza, hata ukiakisiwa na chuma, waweza kupofusha. Miwani maalumu na kifuniko ni lazima.

Vyuo vya ufundi navyo vifungue bohari zao: vifaa vilivyokufa wapewe wanafunzi, na walimu wasimamie.