Jicho Likikauka Baada ya Kutolewa Mtoto wa Jicho

Bwana mkulima, huenda wewe au mzee wako ametolewa mtoto wa jicho katika hospitali kama ile ya Kikuyu, kisha akakaa kwa jamaa yake Kware, Nairobi, akingoja siku ya kurudi kwa daktari. Huko vumbi la barabara na moshi wa jiko havikosi. Baada ya siku chache jicho huanza kuwasha na kuchoma kana kwamba lina mchanga. Usidhani kwamba kazi ya daktari imeharibika.

Sababu ni hii. Ili kumtoa mtoto wa jicho, daktari hupasua tundu dogo kwenye ngozi angavu iliyo mbele ya jicho. Hapo mishipa midogo ya fahamu hukatwa. Basi kope hupepesa mara chache na machozi hupungua, kama shamba ambalo mfereji wake umezibwa. Kwa watu wengi hali hii hupoa katika muda wa miezi 3.

Fanya hivi: nawa mikono kabla ya kutia dawa, tumia dawa uliyopewa mpaka siku uliyoambiwa, kaa mbali na moshi, usilisugue jicho. Mwulize daktari juu ya dawa ya matone iliyo badala ya machozi. Usitie maziwa, asali wala maji ya majani.

Lakini jicho likiuma sana, likizidi wekundu, likitoa usaha, au kuona kukipungua, rudi hospitali siku ile ile. Kuchelewa huko ndiko hupofusha.