Taa Mbili za Upesi Kabla ya Awendo

Ni saa tano ya mchana, jua limewaka, na gari linalotoka upande wa Migori linawasha taa kali mara mbili na kuzima. Giza hakuna wala ukungu hakuna. Hata hivyo dereva anayekuja kutoka Awendo anaondoa mguu kwenye mafuta papo hapo, na sindano inateremka kutoka tisini na kitu hadi hamsini. Abiria hawaulizi. Wote wamejua kwamba mbele kuna askari mwenye kifaa cha kupima mwendo.

Msafiri wa barabara kuu ya A1, ile inayopita Kisii, Rongo na Awendo hadi mpakani Isebania, huiona ishara hii mara nyingi kiasi cha kutoitilia maanani. Lakini ukiichunguza inashangaza. Kifaa cha leza anachoshika askari hutuma mapigo mengi ya mwanga usioonekana kwa macho, hupima muda ambao mwanga huo unatumia kuligonga gari na kurudi, na hutoa jibu kabla nusu sekunde haijaisha. Dereva akimwona askari, tayari ameshapimwa. Kwa hiyo kinga ni moja tu, naye ameipata kwenye taa zake mwenyewe: mwanga kujibu mwanga.

Dereva wa Probox anayewabeba wachimbaji dhahabu wa Osiri, kule Nyatike, akiwapeleka mjini Migori na siku nyingine Rongo au Homa Bay, ataifafanua kazi hiyo kama fundi. Kumulika mara mbili ni habari. Kumulika na kutoa kiganja dirishani kikikandamiza hewa ni habari na sisitizo. Aliyeonywa hujibu kwa kuinua kidole kwenye usukani, basi. Ishara za mkono zinaweza kutofautiana kati ya steji na steji, lakini taa zinaeleweka kila mahali, hata kwa mwenye lori la miwa la kiwanda cha sukari cha Sony au dereva wa basi la Nairobi asiyemjua mtu huku.

Tena habari hiyo huchakaa upesi, na hapo ndipo ustadi wa dere unapoonekana. Chukua gari lililompita askari kilomita mbili nyuma. Kwa mwendo wa 80 kwa saa, limetumia sekunde tisini kufika hapo ulipo, na wewe utatumia sekunde nyingine tisini kumfikia askari huyo. Dakika tatu zimepita. Anaweza kuwa amehama, amehamia kivuli kingine, au ameingia garini. Ndiyo maana dereva mzoefu hategemei gari moja. Husubiri la pili limthibitishie, na likipita bila kumulika huanza kujiuliza.

Ukimwambia kwamba anawasaidia wavunja sheria, atakataa. Hoja yake ni kwamba aliyemulikiwa amepunguza mwendo, na kupunguza mwendo ndiko askari alikotumwa kuleta. Faini anazijua kwa kichwa, maana ziko kwenye kanuni za makosa madogo za 2016: ukizidisha kilomita sita hadi kumi, shilingi 500; kumi na moja hadi kumi na tano, 3,000; kumi na sita hadi ishirini, 10,000. Hiyo ya mwisho inameza mapato ya siku, na pesa ya mwenye gari haisubiri.

Hoja yake ina uzito, ila ina tundu. Askari akishapitwa, mguu hurudi kwenye mafuta kufidia dakika zilizopotea, na huenda ukarudi mbele ya shule. Gari la 80 hukata mita 22 kila sekunde. Breki zake huhitaji zaidi ya mara mbili na nusu ya nafasi inayohitajiwa na gari la 50. Mwaka 2024 barabara za Kenya ziliua watu 4,748, na kundi kubwa zaidi lilikuwa la waenda kwa miguu. Hao hakuna anayewamulikia.

Serikali imewahi kujaribu kumfunga dereva kwa kifaa kilicho ndani ya gari. Kanuni za aliyekuwa waziri wa uchukuzi, John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zililetea matatu mikanda, mstari wa manjano na spidi gavana ya kilomita 80. Wapo waliokata waya. Kiwango cha spidi gavana cha mwaka 2018 kikataka kifaa kipeleke taarifa za mwendo moja kwa moja kwa mamlaka ya usalama barabarani, NTSA. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, kuanzia Sirari kuelekea Tarime na Mwanza, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, LATRA, huyafuatilia mabasi kwa setilaiti, na dereva hujitambulisha kwa kitufe chake kabla ya kuondoka. Kifaa hicho hakikwepeki kwa taa za mwenzake, kwa sababu kiko ndani ya basi lenyewe.

Probox ya Osiri iko mbali na hayo yote. Kwenye karatasi ni gari la watu watano. Kwenye njia ya machimbo hubeba zaidi. Askari wa kifaa huonekana kwenye lami, palipo na magari mengi, ilhali vumbi la Nyatike lina watoto wa shule, bodaboda na wachimbaji wanaorudi usiku. Je, kifaa kinakaa panapokufa watu au panapokusanyika faini? Na taarifa ambazo spidi gavana inazituma, nani anazisoma, na akishazisoma anafanya nini?

NTSA na polisi wanaweza kujibu bila kununua mtambo mpya. Wachapishe, kaunti kwa kaunti, mahali vifaa vilipowekwa, magari mangapi yalikamatwa hapo, na watu wangapi waliumia hapo kabla na baada. Wakianza na Migori na Homa Bay, wakazi wataweza kupima wenyewe kama askari amesimama mahali panapostahili.