Ng'ombe mweupe, mto wa kahawia: rangi ya nyuma huamua picha

Ng'ombe wengi wa Waorma, wafugaji wa bonde la Mto Tana nchini Kenya, ni weupe au wa rangi ya maziwa, na maji ya mto huo, kwa sehemu kubwa ya mwaka, ni ya kahawia kwa udongo unaoteremka nayo kutoka nyanda za juu. Mifugo inaposhuka malka, yaani njia ya mifugo ya kufikia mto, kwenda kunywa huko Nanighi, kila mnyama huonekana waziwazi hata kwa aliye mbali: pembe, nundu, mstari wa mgongo. Kwenye ukingo uleule mamba hulala juu ya matope asionekane mpaka ajitikise, ilhali yangeyange aliyesimama hatua chache tu kutoka kwake huonekana kutoka ng'ambo ya pili. Mamba ni mkubwa kuliko yangeyange mara nyingi, wala mwanga uliowaangukia si tofauti. Kinachompa mmoja kuonekana na kumnyima mwingine ni kile kilicho nyuma yao. Mchoraji anayetaka kuchora maisha ya bonde hili hana budi kuanzia hapo, kwa sababu picha nyingi zenye mkono mzuri huharibika kwa rangi ya nyuma iliyochaguliwa mwishoni, kazi ikiwa imekwisha, kwa kutumia chochote kilichobaki kwenye kopo.

Hoja yangu ni kwamba rangi ya nyuma ichaguliwe kwanza kwa kukolea au kupauka kwake ikilinganishwa na kile kinachochorwa. Iwe nyekundu, buluu au kijani ni swali la pili. Wachoraji wengi hufuata njia ya kinyume. Huambiwa kwamba nyekundu na kijani hupingana, basi humvika mwanamke leso nyekundu na kumsimamisha mbele ya mikuyu ya kijani, wakiamini kwamba kupingana huko kunatosha. Lakini ikiwa nyekundu hiyo na kijani hicho zimekolea sawasawa, macho huona msukosuko kwenye mpaka wa rangi hizo mbili na umbo halitulii. Kulithibitisha hili hakuhitaji kifaa cha gharama. Piga picha mchoro wako kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe, na leso na mkuyu vitakuwa kijivu kimoja. Asiye na simu akunje macho mpaka rangi zififie; kinachobaki kuonekana ndicho mtazamaji atakachokiona kwanza akiwa mlangoni.

Jambo hili lilichunguzwa kwa makini na Mfaransa Michel Eugène Chevreul, mwanakemia aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hicho hazikuwa na nguvu zilipofumwa kando ya buluu. Alipochunguza akakuta rangi yenyewe haina kasoro. Buluu iliyo jirani ndiyo iliyokuwa ikiifanya nyeusi ionekane dhaifu. Mwaka 1839 akachapisha kitabu kikubwa juu ya namna rangi zilizo pamoja zinavyobadilishana sura: iliyopauka huonekana kupauka zaidi kando ya iliyokolea, na kijivu kikizungukwa na nyekundu huelekea kijani. Kwa mchoraji wa Tana maana yake ni kwamba hakuna rangi ya ng'ombe iliyo kamili peke yake. Weupe uleule utang'aa mbele ya kahawia ya mto na utaonekana mchafu mbele ya anga jeupe la kiangazi.

Mtu anaweza kuuliza: mbona Edward Saidi Tingatinga alifanikiwa kwa rangi kali tu? Swali ni la haki, kwa kuwa hakuna mchoraji wa Afrika Mashariki aliyeigwa kumzidi yeye. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki mwaka 1972, na katika muda huo mfupi alitumia vipande vya hadibodi na rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupakia baiskeli. Mara nyingi alijaza ubao rangi moja, kisha akamweka mnyama mmoja katikati. Ni kweli kwamba rangi hizo ni kali. Lakini tazama vizuri kinachomtoa mnyama mbele: uwanja mtupu usio na fujo, mstari uliozunguka mwili, na madoa yaliyokolea juu ya rangi iliyopauka au kinyume chake. Ukali wa rangi unapendeza, ila kazi ya kumtenga mnyama na kilicho nyuma yake inafanywa na giza na mwanga. Wengi waliomfuata hupenda kuchanganya rangi mbili au tatu nyuma, zikianzia iliyokolea juu na kuishia iliyopauka chini, na humo mna hatari. Mahali fulani katikati, rangi ya nyuma hulingana na ya mnyama, na hapo umbo hushikiliwa na mstari peke yake.

Uzito mkubwa zaidi wa suala hili uko kwenye sura za watu. Mtu mweusi akichorwa juu ya karatasi nyeupe, weupe unaomzunguka huufanya uso wake uonekane mweusi kuliko ulivyo. Paji la uso, shavu na kidevu huungana, na kinachobaki ni kivuli chenye macho. Mtu huyohuyo akiwekwa mbele ya rangi ya wastani, tuseme udongo mwekundu, majani makavu au kijani kilichofifia, uso hufunguka. Kipimo ninachokipendekeza ni rahisi: rangi ya nyuma ipauke kuliko nywele, lakini ikolee kuliko sehemu ya ngozi inayopigwa na mwanga. Hapo mwanga wa shavuni unang'aa, na nywele nazo hazipotei. Wapo watakaosema kwamba nyuma pakikolea mweusi atamezwa. Atamezwa ikiwa mchoraji ameichora ngozi kwa kahawia moja tu. Ngozi nyeusi hupokea buluu ya anga na manjano ya vumbi, na rangi hizo hazionekani mpaka nyuma patulie.

Joy Adamson, kabla ya dunia kumjua kwa kitabu chake juu ya simba Elsa, alipewa kazi na serikali ya kikoloni ya kuchora watu wa jamii za Kenya na mavazi yao. Kwa kazi kama hiyo ya kuhifadhi kumbukumbu ya shanga, ngozi na mapambo, njia ya kumtenga mtu na mazingira yake ina faida, kwa kuwa jicho halishughulishwi na kitu kingine. Hata hivyo nakubaliana na wanaolalamika kwamba mtu asiye na mahali hugeuka kielelezo cha makumbusho. Mpokomo, mkazi wa kingo za Tana, akichorwa bila mto amepungukiwa na kitu. Lakini jibu si kurudisha kila mkoma, kila mtumbwi na kila wingu. Mto unaweza kuwa mkanda mmoja wa kahawia, msitu wa ukingoni mkanda mmoja wa kijani kilichofifia, na vumbi likamaliza mengine, maana vumbi la Tana lenyewe hupausha vilivyo mbali na kuviacha vilivyo karibu vimekolea.

Pingamizi la soko ndilo gumu kuliko yote. Wageni wa Malindi na Lamu wanataka jua jekundu na migunga myeusi, na mchoraji ana watoto wa kulisha. Simlaumu. Picha hizo zinaonekana vizuri kwa sababu nyeusi na nyekundu iliyowaka zimeachana sana kwa mwanga. Ila ng'ombe mweusi mbele ya jua hilo hana mbavu, hana ngozi, hana mwenye kumtambua, na mfugaji wa Kiorma anayemjua kila mnyama wake kwa sura hawezi kuiita picha hiyo ya ng'ombe. Walimu wa sanaa wa Bura, Hola na Garsen, kabla ya kuwapa watoto brashi wachore mnyama, wapeni vipande vitatu vya karatasi vilivyopakwa udongo wa mto, kimoja kimepauka, kimoja cha wastani, kimoja kimekolea, wachore ng'ombe mmoja juu ya vyote vitatu. Kisha waacheni wachague wenyewe.