Madigadi ya Bei Nafuu: Tijara Ndogo ya Mafundi wa Lubumbashi

Kila mwaka, ifikapo Juni, wakuu wa makampuni ya machimbo, wauzaji wa mitambo na maofisa wa serikali hukusanyika katika hoteli ya Karavia ya Lubumbashi, kando ya ziwa, kwa mkutano wa madini uitwao DRC Mining Week, na hesabu zitajwazo humo ni za shaba, kobalti na mamilioni ya dola. Mimi nataka kuzungumza juu ya kitu kifungwacho ubavuni mwa motokaa kama zile zinazowaleta wageni hao: madigadi ya nyongeza, yaani ule ukingo wa mpira, wa plastiki au wa bati utokezao juu ya tao la gurudumu ili kuifunika tairi pana isirushe mawe na matope. Kwa kuwa ukingo huo waweza kutengenezwa papa hapa mjini, kwa gharama ndogo na kwa mikono ya watu wetu, ni tijara halali inayostahiki kutazamwa kwa makini sawa na tijara nyingine yoyote.

Haja yake inatokana na njia. Kutoka Lubumbashi hata Likasi ni kiasi cha kilomita 120, na hata Kolwezi ni kiasi cha 300, na mwenye kazi machimboni hana budi mwishowe kuiacha lami, ambayo malori ya shaba yameitawala, akaingia njia za udongo mwekundu, ambazo tangu Novemba hata Aprili ni utelezi na madimbwi, na miezi iliyosalia ni vumbi tupu. Ndiyo maana wenye Land Cruiser na Hilux aghalabu huzivua tairi za kiwandani wakavalisha zilizo pana zaidi, nazo zikitokeza nje ya bodi hurusha kila kijiwe mlangoni, kiooni, au usoni pa mwenye pikipiki afuataye nyuma. Sheria ya Umoja wa Ulaya imelipima jambo hili kwa nyuzi: upana wote wa tairi yapasa ufunikwe tangu nyuzi 30 mbele ya mstari wa wima upitao katikati ya gurudumu hata nyuzi 50 nyuma yake. Kipimo hicho kinamfaa fundi wa mahali popote, maana nyuma ya gurudumu ndiko matope yatokako kwa nguvu, na huko ndiko wengi hukata ukingo mfupi kwa kubania malighafi.

Ustadi wa kazi hii una asili yake. Union Minière, kampuni ya machimbo iliyoasisiwa mwaka 1906, na Gécamines iliyorithi migodi yake baada ya serikali kuitaifisha mwaka 1967, zilikuwa na karakana kubwa ambamo vijana walifundishwa kukunja bati, kuchomea vyuma na kusoma michoro. Na Gécamines ilipoporomoka, hata uzalishaji wa shaba ukashuka kutoka zaidi ya tani 450,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 hadi chini ya tani 50,000 mwaka 1993, ujuzi ule ulibaki mikononi mwa watu ilhali mishahara imetoweka. Mwaka 2003 ukaanza mpango wa kuondoka kazini kwa hiari, uliogharimiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondoka na kiinua mgongo chao. Rai yangu ni kwamba mabadiliko hayo ya uchungu yaliupanda ufundi wa mji huu nje ya kuta za kampuni, katika viwanja vya nyumba na kandokando ya barabara, na kwamba faida yake bado hatujaikadiria ipasavyo.

Malighafi iliyo bora kwa bei ni mkanda chakavu wa kuchukulia mawe ya madini, ambao nchi ya machimbo haiukosi. Mkanda huo ni mpira uliofumbatia matabaka ya kitambaa kigumu, na kitambaa hicho ndicho kiishikiliacho boliti, mpira usichanike; ukiwa na unene wa milimita 10, ukingo mmoja hauzidi kilo mbili. Mnunuzi na adai hati ya mauzo, kwani mali ya mgodi iliyotoka bila karatasi huleta kesi ambayo thamani yake hupita thamani ya motokaa. Kazi yenyewe huanza kwa boksi la karatasi: fundi huiweka motokaa mahali pa tambarare, hugeuza usukani mpaka mwisho huku na huku, hulinyanyua gurudumu moja kwa jeki ili aone tairi hufika wapi springi ikibanwa, kisha hukata kiolezo, akakijaribu pande zote mbili, kwa sababu motokaa iliyowahi kupata ajali aghalabu haina pande zilizolingana. Mkanda hukatwa kwa kisu kikali kilicholoweshwa maji ya sabuni. Baina ya mkanda na bodi hutiwa utepe uliokatwa kutoka katika tyubu kuukuu, na hapa ndipo fundi mwaminifu hujitenga na mlaghai, maana vumbi la Katanga likipata nafasi hapo hulila rangi kama msasa, na kila tundu la boliti lisilopakwa rangi ya kuzuia kutu huwa, baada ya masika mawili, donda lisilofunikika.

Wapo wapendao umbo laini kama la kiwandani, nao hutengenezewa kwa nyuzi za kioo na utomvu wa poliesta. Hapo gharama hupanda, kwa kuwa utomvu ni bidhaa ya kuagizwa, na majira nayo yana amri yake: kichocheo hutiwa asilimia moja hadi mbili tu, na joto la Oktoba huugandisha utomvu kabla brashi haijamaliza kazi, ilhali baridi ya asubuhi za Juni na Julai huuacha ukinata siku nzima. Moshi wake hudhuru mapafu, na ni wajibu wa mwenye karakana kuwapa vijana wake barakoa za kuchuja hewa, wala asiseme kwamba uwanja wazi unatosha.

Seti ya kiwandani iagizwayo ng'ambo hugharimu mamia ya dola kabla ya nauli na ushuru wa forodha ya mpakani Kasumbalesa. Ya mkanda hugharimu mpira, boliti na ujira wa fundi, na fedha yote hiyo hubaki mjini. Walakini soko lililo nono, yaani motokaa za makampuni yanayohudumia migodi, bado liko mbali na mafundi hawa. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 8 Februari 2017 imeziwekea kampuni zenye mtaji wa Wakongo kazi za ukandarasi mdogo, lakini kampuni kubwa hailipi bila faktura, na faktura haitoki kwa mtu asiye na namba ya usajili wa biashara wala namba ya kodi. Kwa hiyo hutokea dalali mwenye karatasi, ambaye hakushika kisu wala kiolezo, akauza kazi ya fundi kwa bei yake na kubaki na tofauti. Mafundi wanne au watano wakijisajili pamoja chini ya jina moja, wakatunza violezo vya kila aina ya motokaa vikiwa na tarehe na vipimo, wangeweza kumpa meneja wa ununuzi bei iliyoandikwa na dhamana ya msimu mmoja wa mvua, na oda hizo zingefaa kutafutwa Agosti na Septemba, kabla njia hazijaharibika na kila mwenye motokaa hajaja na haraka yake.